Ndoo ya Asali Chini ya Kitanda Changu

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha nne, na nyumbani walinikabidhi ndoo ya asali kwa sababu nilikuwa sisemi.

Sababu nyingine haikuwepo. Nyumbani kwetu Titye, mtu akikaa kimya watu humhesabia kuwa ameridhika. Wageni wakija nilisalimia, nikaenda jikoni. Kuku akichinjwa, sikuomba kipande chochote kwa jina lake, nilikula nilichopewa. Baba akawa anawaambia watu, "Huyu hana tamaa." Nilikuwa nayo. Nilikuwa tu sijaitangaza.

Nilikuwa na kaunta buku niliyokuwa nikiandikia mambo yangu, ndiyo maana nakumbuka siku nyingi za mwaka ule kuliko ninavyopenda.

Asali yenyewe ilikuwa ya dada. Dada yangu mkubwa alisoma chuo cha ualimu Kasulu, akapangiwa shule ya msingi huko Kibondo, na huko akapata mchumba, nesi. Mchumba hakuwa na shida. Shida ilikuwa mama yake, au tuseme kijiko cha mama yake. Kwao, siku ya kwenda kutambulishana rasmi, upande wa binti huandaa asali mbichi ya mwaka huo. Mama mkwe na binti huilamba kwa kijiko kimoja, mbele ya watu. Baada ya hapo mama mkwe anamwita binti "mwanangu", na mazungumzo ya ndoa yanaendelea. Kabla ya hapo hakuna kinachoendelea.

"Na wakikuta imetiwa maji?" mama alimuuliza dada siku anatueleza. Ilikuwa Juni, yuko likizo, tunachambua maharage uani.

"Wanaondoka. Wanasema asali iliyotiwa maji ni maneno yaliyotiwa maji."

"Nani atatia maji? Baba yako anarina kwa mkono wake."

"Nasema tu, mama. Yule mama anaijua asali." Dada akapunguza sauti ingawa tulikuwa watatu tu. "Zamani alikuwa mpika pombe ya asali. Watu walikuwa wanatoka kata nyingine kumfuata. Na yeye alikuwa anakunywa nao, kuliko wao. Mtoto wake wa kwanza alilelewa na bibi kwa sababu hiyo. Ameokoka mwaka wa tisa huu, hajagusa. Hata soda ya tangawizi hanywi. Anasema inawasha koo kama ile."

"Mungu amsaidie," mama akasema.

"Asali safi ndiyo utamu aliobakiza. Kwa hiyo jamani, ndoo hiyo."

Dada alikuwa na miaka ishirini na nane. Kwetu huo ni umri ambao shangazi zako wanaanza kukuombea kwa sauti. Aliposema "ndoo hiyo" alinitazama mimi, kwa sababu baba alikuwa ameshaamua itakaa kwangu.

Baba ana mizinga ya magome porini, upande wa kwenda Kibondo. Mwisho wa Juni alirudi na ndoo nyeupe ya plastiki ya lita kumi, imejaa mpaka karibu na mdomo. Alifunika, akaifunga kwa kamba ya magome ya miombo, fundo ambalo ni lake peke yake, akaisukuma chini ya kitanda changu.

"Isifunguliwe mpaka siku yenyewe," akasema. "Asali ikifunguliwa-funguliwa inachoka."

"Ndiyo baba."

"Wadogo zako wana mikono. Wewe huna shida."

"Ndiyo baba."

Nilijizuia siku sita. Kwenye kaunta buku nimeziita wiki.

Mtu asiyewahi kulala juu ya lita kumi za asali anaweza kuniona mdhaifu. Kidato cha nne tulikuwa na masomo ya ziada wakati wa likizo. Nilikuwa nikitoka shule saa kumi, nyumbani hakuna mtu, wote wako shamba, mezani kuna viazi vya asubuhi vimepoa. Nilikuwa nikila viazi nikitazama chumbani kwangu. Siku ya saba nilikaa sakafuni nikajifunza fundo la baba. Lilinichukua kama nusu saa. Nilisema nalifungua ili kuona tu kama naweza kulifunga tena. Kuona kama naweza, ilibidi kwanza lifunguke, na likishafunguka, mfuniko ulikuwa pale.

Nilichukua kijiko kimoja cha chai. Nikafunga. Fundo lilitoka zuri kuliko la baba.

Julai shule ilipofunguliwa tukaanza mada ya mabadiliko ya viumbe. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana aliyetokea Kilimanjaro, serikali ilimpangia kwetu na alikuwa bado hajaisamehe. Alifundisha kwa Kiingereza kwa dakika kumi, akitazama nyuso zetu, kisha akafundisha kwa Kiswahili.

"Mtu wa kale, huko porini, ameuona mzinga wa nyuki. Anafanya nini?"

"Anakula, mwalimu."

"Anakula kiasi gani?"

"Anashiba!"

"Hapana. Kushiba ni ninyi wa leo. Yeye anakula mpaka mzinga umekwisha. Kwa nini?"

Tukatazama madaftari.

"Kwa sababu kesho haumngojei. Kulikuwa na mwenzake mwenye kiasi, mstaarabu, akasema, 'Mimi nitabakiza ya kesho.' Kesho yake akakuta nyegere amemaliza. Ukaja mwaka wa njaa, yule mlafi ana mafuta mwilini, mstaarabu hana. Nani alipata watoto?"

"Mlafi!"

"Basi ninyi nyote ni wajukuu wa walafi. Ulimi wako unadhani bado uko porini. Hauna habari kwamba duka liko hapo ng'ambo ya barabara."

Mtoto wa mchungaji akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo Adamu alikuwa nyani?"

"Adamu yuko kipindi cha dini, Ijumaa. Mimi nina Jumanne."

"Mwalimu, na wewe ni mjukuu wa mlafi?" Huyo alikuwa jirani yangu wa dawati. Yeye alikuwa na maneno yake na yangu.

"Na mimi," mwalimu akasema. Jumatatu alikuwa ametutangazia kwamba ameacha mandazi kwa sababu ya tumbo. Kengele ya mapumziko ilipolia tulimwona kwa mama wa mandazi nyuma ya ofisi. Alikula manne. Alikuwa ameegemea ukuta upande ambao alidhani hatumwoni.

Siwezi kueleza jinsi kipindi kile kilivyonifaa. Kabla yake nilikuwa mwizi. Baada yake nilikuwa kiumbe hai. Nilirudi nyumbani saa kumi nikachukua vijiko vitatu kwa moyo mweupe, kwa niaba ya mabibi zangu wote walionusurika.

Jirani yangu wa dawati naye aliitumia elimu ile. Alikuwa na kijana wa bodaboda wa Kasulu mjini, na mama yake alikuwa amemkataza. "Siyo mimi," akaniambia, "ni damu ya kale. Mtu wa kale alikuwa anampenda mwenye mbio." Nikamwambia mtu wa kale hakuwa na pikipiki. Akasema, "Ndiyo maana wengi walikufa."

Lakini nilikuwa na hofu ya dada. Hilo nalisema bila kujipendelea. Kila nilipofunga ile kamba niliona uso wake pale uani akisema "ndoo hiyo". Nikaanza kuweka sheria.

Sheria ya kwanza: niweke Biblia juu ya mfuniko. Niliiweka. Siku iliyofuata niliiondoa kwa mikono miwili, kwa heshima, nikaiweka juu ya mto.

Sheria ya pili: nisile mpaka nimeshiba chakula kingine kwanza. Nikawa nakula viazi haraka sana.

Sheria ya tatu ndiyo niliyojivunia. Nilijiapia nisionje ila siku ya mvua. Ilikuwa Julai, kwetu Julai mvua hainyeshi, vumbi linapanda mpaka kwenye kope. Niliona nimejifungia mpaka Septemba huko, na dada atakuwa ameshachukua ndoo yake. Siku mbili zilipita vizuri. Siku ya tatu asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilisimama mlangoni nikautazama muda mrefu. Ukungu ni maji. Nimeandika hivyo hivyo kwenye kaunta buku, na nimepigia mstari.

Ule mwezi milima ya kwetu ilikuwa na ukungu mwingi sana.

Nilimwandikia mwalimu swali. Kusema mbele ya darasa sikuweza, kwa hiyo niliandika mwisho wa daftari la mazoezi, nikamkabidhi pamoja na mengine: Ikiwa tamaa imeshawekwa ndani yetu tangu zamani, mtu anajizuiaje? Daftari lilirudi baada ya siku nne. Chini ya swali kulikuwa na wino mwekundu: "Swali zuri. Halimo kwenye mtihani."

Jumapili ya mwisho ya Julai, baada ya ibada, nilifungua ndoo mchana, chumbani kuna mwanga, nikaona nilichofanya. Asali ilikuwa imeacha mstari kwenye plastiki nyeupe, pale ilipokuwa siku baba anaileta. Sasa ilikuwa chini yake kwa upana wa vidole vyangu viwili. Nilipima. Kisha nikapima tena kwa mkono mwingine.

Wasomaji wa mjini wanaweza wasielewe nilichokifanya baadaye, lakini wa kwetu wameshaelewa na wameshaanza kucheka. Nilitia maji.

Najua. Kila mtoto wa Buha, kwetu Waha, anajua asali ikikutana na maji inakuwa nini. Lakini sisi tulikuwa walokole. Baba aliokoka kabla sijazaliwa, nyumbani kwetu pombe haikuwahi kupikwa, na nilidhani inahitaji chungu maalumu, kimea, na mwanamke mwenye sauti nene. Tena nilikuwa msafi. Nilichemsha maji kwanza, kwa sababu za kiafya. Nikayaacha yapoe, asali isije ikaungua. Nikatia taratibu kwa kikombe, lita moja na nusu, nikakoroga na mwiko mpaka ikafika kwenye mstari. Ilionekana nzuri. Ilikuwa nyepesi kidogo, kama mtu aliyetoka kuugua.

Darasani nilikuwa nimeshajifunza chachu inakula sukari na kutoa kileo na hewa. Kwenye jaribio swali hilo nililipata lote.

Wiki ya pili ya Agosti mama aliingia chumbani kwangu kuchukua shuka, akasimama.

"Chumba chako kinanuka mkate."

"Ni viatu, mama."

"Viatu vinanuka mkate?"

"Vilinyeshewa."

Alinitazama, akatazama nje kwenye vumbi, akachukua shuka akaondoka. Mama alikuwa na kazi nyingi.

Nilipofungua nilikuta povu. Ndoo ilikuwa inapumua. Nilisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayetaka kusema jambo halafu anaahirisha. Nililamba. Ilikuwa kali, ikanipanda puani. Sikuonja tena tangu siku ile, na kwenye kaunta buku nimeandika, "Leo nimeishinda tamaa." Nilikuwa nimeshindwa na ladha, ila wakati ule niliona ni ushindi tu, nikalala vizuri.

Kila baada ya siku mbili niliengua povu, nikafuta kingo, nikafunga fundo. Ningeweza kusema. Dada alipofika wiki ya tukio aliniuliza mwenyewe, tukiwa tunaosha sahani.

"Mdogo wangu, asali iko salama?"

"Iko."

"Ungejua ninavyoshukuru ni wewe. Ingekuwa wale wawili ningekuwa silali."

Nikasugua sahani moja mpaka maua yake yakaanza kufifia.

Ijumaa baba aliitoa ndoo. Mfuniko ulikuwa umevimba. Aliubonyeza kwa kidole, ukarudi juu. "Asali ya mwaka huu ina nguvu," akasema, akaipeleka sebuleni kivulini. Nilidhani atafungua. Hakufungua, kwa sababu ni mtu anayefuata sheria zake.

Wageni walifika Jumamosi saa tano kwa gari la kukodi, wamepakwa vumbi la njia nzima kutoka Kibondo. Walikuwa kumi na mmoja. Mama wa mchumba alishuka wa mwisho, mwanamke mwenye mabega mapana na kitambaa cheupe kichwani. Nilimpelekea maji ya kunawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwakeye?" akanisalimu tena kwa Kiha. "Wewe ndiye yule asiyesema?"

"Ndiyo."

"Umeshasema," akasema, akanipa taulo.

Watu wakakaa uani chini ya turubai. Msemaji wao alikuwa mzee mwenye koti la suti. Wa kwetu alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye huitwa kwenye shughuli zote kwa sababu ya mdomo wake.

"Sisi ni wapita njia," mzee akaanza. "Tumeona moshi wa jikoni, tukasema tupumzike."

"Moshi wa Titye hauonekani Kibondo," baba mdogo akajibu. "Labda mlikuwa mnatembea na pua."

Watu wakacheka. "Tumesikia hapa kuna ua," mzee akaendelea.

"Yapo mengi. Lipi? Msije mkang'oa la mwenzenu."

"Lile linalofundisha darasa la tatu."

"Ahaa! Hilo lina gharama ya chaki."

Iliendelea hivyo, ikawa nzuri. Dada alitolewa akiwa na gauni la bluu, akakalishwa kwenye kigoda karibu na mama mkwe. Kisha mzee akasema, "Sasa kijiko," na baba akaniashiria nilete ndoo.

Niliibeba mwenyewe. Nikaiweka mbele yao juu ya mkeka. Baba akafungua fundo lake, ambalo lilikuwa langu, akainua mfuniko, na ndoo ikasema "puh" mbele ya walokole ishirini na kitu.

Harufu ilifika kabla povu halijapanda. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mchungaji wetu alikuta kuna jambo la kutazama kwenye turubai. Baba alibaki ameshika mfuniko kama mtu aliyepokea sahani tupu. Dada hakuelewa, yeye alikuwa anaogopa tu kijiko kisidondoke.

Mama wa mchumba alielewa. Aliitazama ile ndoo kama mtu anayetazama picha ya zamani aliyomo na yeye. Kwa utaratibu wao, mama mkwe ndiye anayechota kwanza, na hakuna aliyewahi kuweka utaratibu wa siku ambayo hawezi. Watu wanangoja. Akikataa, amemkataa binti. Akachukua kijiko. Akachota. Akakiinua mpaka usawa wa kifua, kikasimama pale.

Pua yake ilikuwa inavuta ile harufu polepole, na uso ule niliujua. Sikuwa nimewahi kuuona kwa mtu mwingine. Ulikuwa uso wangu saa kumi jioni, nimekaa sakafuni, nimeshika fundo, nasema nafungua tu nione.

Kijiko kikapanda kidogo.

"Mama, usilambe," nikasema. "Nilitia maji. Mimi. Niliila, nikatia maji."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa kukosa mazoezi.

Jogoo wa jirani ndiye aliyejibu. Dada aligeuka akanitazama na sikuutazama uso wake, hata sasa siuandiki.

Mama wa mchumba alishusha kijiko kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

"Maji kiasi gani?" akauliza.

"Lita moja na nusu."

"Ya moto?"

"Niliyachemsha, nikayapoza."

"Ukakoroga?"

"Na mwiko."

"Ina siku ngapi?"

"Thelathini na nne."

Akatikisa kichwa, kama fundi anayekagua ukuta wa mwenzake. "Ingekuwa nzuri sana," akasema. Kisha akafumba macho. "Funikeni. Ipelekeni mbali mkamwage. Na nisiambiwe ni upande gani."

Baba na baba mdogo wakaibeba. Baba alirudi mapema. Baba mdogo alichelewa. Alisema shimo lilikuwa mbali.

Chakula kililiwa kwa sababu kilikuwa kimepikwa. Baadaye mama wa mchumba alisimama akamwambia baba, watu wote wakisikia, "Mzee, sijamkataa binti. Nimekataa ndoo. Tutarudi kwenye mavuno yajayo, kijiko kiwe na asali." Mzee wa koti akasema wao huwa hawarudi mara mbili. Mama wa mchumba akamwambia, "Basi wewe usirudi." Lakini neno "mwanangu" hakulisema, na dada alikuwa amekaa pale kwenye kigoda akilingojea.

Wakati wa kuondoka aliniita karibu na gari.

"Wewe uliyesema. Ulianzaje?"

"Na kijiko kimoja."

"Kikubwa?"

"Cha chai."

"Mimi nilianza na kikombe," akasema.

Nikamuuliza lile swali langu, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshaharibika kwa kusema. "Mama, wewe unajizuiaje?"

"Sijizuii. Nakaa mbali. Kwangu hakuna chungu, hakuna mtungi, hata ndoo yenye mfuniko sina. Unga nauweka kwenye sufuria." Alipanda gari. "Leo mmeniletea mpaka kwenye mkono. Mwaka wa tisa nimejenga, na leo ukuta ulibaki unene wa kijiko." Hakusema kwa hasira. Aliniambia nifunge mlango vizuri, una kitasa kibovu.

Baba hakunipiga. Alinitazama siku nyingi kama mtu aliyefuga kondoo akasikia anabweka. Adhabu yangu alinipa dada, nayo haikuwa na fimbo. Aliacha kuniita mdogo wangu. Alirudi Kibondo kufundisha, na kila akipiga simu alimwambia mama, "Mpe huyo salamu." Huyo nilikuwa mimi. Shangazi zangu wakaanza kumwombea kwa sauti ya juu zaidi.

Novemba nilifanya mtihani wa taifa. Desemba baba akaenda kurina tena. Safari hii nilimfuata, nikabeba mwenge wa moshi na kamba, nikaumwa na nyuki mara tano, sikusema. Tulirudi na ndoo imejaa. Baba, kwa mazoea tu, aliishika akageukia chumba changu. Nikamzuia mlangoni.

"Baba, isikae kwangu. Wala isikae humu ndani. Na nisiambiwe iliko."

Alinitazama. "Siku hizi umekuwa msemaji."

"Ndiyo baba."

Aliifunga nyuma ya baiskeli akaondoka nayo. Nilimwangalia mpaka pale njia inapokuwa nyembamba, kisha nikaingia ndani nikageukia ukuta, nisione anakata kona ipi. Kesho yake nilianza kuitafuta. Niliuliza kwa mama mkubwa, nikapita kwa muuza duka wa Kasulu mjini anayemhifadhia baba mbegu, nikatazama hata darini mwa kanisa. Nilitafuta siku mbili. Baba alikuwa ameificha vizuri, na mpaka leo hajasema.

Januari tulienda sisi Kibondo, wao walisema safari hii tusiwasumbue na milima ya kwetu. Mzee wa koti alikuwepo. Ndoo ilifunguliwa haikusema kitu. Mama wa mchumba alichota, akatazama uzi wa asali ukianguka bila kukatika, akalamba. Akampa dada, naye akalamba.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Dada alikaa kidogo na kijiko mkononi. Bado kilikuwa kinang'aa, kwenye shingo ya kijiko kuna asali imeganda kama tone. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanyoosha mkono.

"Mdogo wangu," akasema, "kakioshe hiki."

Nilikichukua nikaenda nacho nyuma ya jiko, penye pipa la maji. Hapakuwa na mtu.

Nilikiosha. Ila si papo hapo.